Jina Lisilo na Mwenyewe

Mtoto alikuwa bado hana jina, na maji ya kumwogeshea yalikuwa yameanza kupoa, shangazi Sharifa alipouliza lile swali ambalo Yusra alikuwa akilikimbia tangu asubuhi.

"Haya, huyu mgeni wetu tumwite nani?"

Yusra alijifanya hakusikia. Alikikamua kitambaa, akampangusa binti yake nyuma ya masikio, akambusu utosini.

"Nasema na wewe, mndee, binti wewe. Kesho kutwa watu wanakuja kula akika. Mbuzi ana jina, mtoto hana!"

"Mbuzi anaitwa nani, shangazi?"

"Supu."

Yusra akacheka bila kupenda. Shangazi Sharifa hakucheka. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake, mwanamke mfupi mwenye macho makali, aliyekuja kutoka Vuga na mkungu wa ndizi na mdomo wake, kumwangalia mzazi. Alikuwa amelea wazazi mpaka hesabu imempotea, na katika yote aliyoyaona hakuwahi kuona mtoto anafika umri ule akiitwa "huyu".

"Marteni anasema tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Mtoto si ndizi, aanze kwanza kuiva. Wa kwanza ni wa kwa baba yake. Akiwa wa kike ni bibi yake, mama wa baba. Kuna la kufikiri hapo?"

Hapo ndipo penye donda, na shangazi alikuwa amelikanyaga kwa mguu mzima.

Kwa maana Yusra mwenyewe hakuwa na la kufikiri. Tangu tumbo lilipoanza kuonekana alijua kwamba akijaliwa wa kike, atambeba mama mkwe wake mgongoni. Kwa watu wa milima hii jina haliokotwi njiani. Lina mwenyewe, na mwenyewe akishapewa mtoto huleta mbeleko, nguo ya kumbebea, kama kusema: nimempokea, huyu ni mimi. Bibi anayenyima jina lake amemkataa mtoto, na aliyemkataa mtoto amemkataa na aliyemzaa.

Mama mkwe alikuwa mbali, Uholanzi, na jina lake lilikuwa Geertje. Yusra alilisikia siku ya ndoa, kwenye simu. Lilianzia kooni, kwa ghaini ileile ambayo ustadhi wa madrasa aliwafundisha kwa viboko mpaka ikawakaa. Miezi yote ya mimba, akiingia bandani kukamua, alikuwa akilinong'oneza ubavuni mwa ng'ombe, peke yake, kwa aibu, maana mkwe hamtaji mama wa mumewe kwa jina. Lakini alitaka siku ya kuulizwa alitamke sawasawa. Iwe ndiyo zawadi yake kwa Marteni.

Na Marteni alipopewa zawadi hiyo, pale wodini, mtoto akiwa amemlalia kifuani, uso ulimbadilika.

"Hapana," alisema. "Jina hilo hapana."

"Ni la mama yako."

"Najua ni la nani. Yusra, kule tunakokwenda wanasema Kiingereza. Hawataliweza. Mimi nataka la Kiholanzi, lakini lililo jepesi midomoni mwao." Akainama, akamtazama mtoto. "Fenna. Unalionaje? Fenna."

"Fenna ni nani?"

"Si mtu. Ni jina tu. Zuri."

Jina tu! Toka siku hiyo neno hilo lilikuwa limemkaa Yusra kooni kama mwiba wa samaki.

Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mno, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe. Marteni alikuwa amekuja Kwai kuwafundisha wafugaji mambo ya ng'ombe wa maziwa. Jioni moja mwalimu wa masomo ya jioni pale Lushoto alimleta darasani ili wanafunzi wasikie Kiingereza cha mtu wa mbali. Wiki iliyofuata alirudi bila kuitwa, akakaa dawati la nyuma, akaanza kujifunza Kiswahili cha Yusra. Baba alikataa. Shangazi alikataa mara mbili. Marteni alisilimu, akapewa jina la Ismaili ambalo ni baba mkwe peke yake anayelitumia, akavumilia kuulizwa maswali na ukoo mzima, na mwisho wakaoana. Sasa alikuwa amepata kazi ya ng'ombe Nyuzilandi, ng'ambo ya bahari zote. Tiketi zilikuwa tayari. Yusra aliyekuwa hajawahi kuvuka Tanga alikuwa ameshakubali kumfuata mtu huyu mpaka ukingo wa dunia.

Lakini kila simu ilipoita toka kwao, mtu huyu alikuwa akitoka nje. Alisimama chini ya mti wa mfyulisi pale uani, mgongo akiugeuzia nyumba. "Ni mama," alikuwa akisema akirudi. Yusra akiomba amsalimie, jibu lilikuwa lilelile: amechoka, kesho. Na juzi, akianika nepi, aliisikia sauti ya mumewe ikivunjika katikati ya yale maneno ya kooni. Fenna, alisema. Fenna, Fenna. Kisha akajipangusa macho kwa mkono wa koti.

Mtu hulilia jina tu?

"Kuna jambo nilikuwa sitaki kulisema," alisema shangazi, akimfunga mtoto nguo, na uso wake ukionyesha kwamba alikuwa akilitaka sana. "Jana niliposhuka sokoni, nilimwona mumeo stendi. Anapokea mzigo kwenye basi la Dar. Boksi. Limezungushiwa utepe wa gundi pande zote, limebandikwa stempu za kwao. Alikuletea?"

"Hakuniletea kitu."

"Mh."

"Labda ni dawa za ng'ombe, shangazi."

"Dawa za ng'ombe zinasukumwa chini ya kiti cha gari, zinafunikwa koti? Mimi sisemi neno. Mimi nasema nimeona boksi."

"Umeshasema neno."

"Basi ngoja niseme na la pili, maana la kwanza linaona upweke." Akamweka mtoto begani, akashusha sauti. "Mwanamume anayekataa jina la mama yake, mwanangu, ni mawili. Ama mama hajui kwamba kuna mtoto. Ama jina limeshatolewa. Nimekwambia, jina la bibi anapewa binti wa kwanza. Kama limekwisha kutolewa, huyu wako ni wa pili. Na huyo Fenna ndiye aliyezaa wa kwanza."

Yusra alikaa kitandani. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kabichi, hata mfyulisi hauonekani. Alitaka kusema, si kweli, Marteni si mtu wa hivyo. Lakini alihesabu aliyoyaona, akaona yote yanaingia mahali pake vizuri mno: simu za nje, machozi, boksi, na lile "hapana" la wodini lililotoka haraka kabla hata hajafikiri.

Gari likaunguruma uani.

Marteni aliingia akiwa na soksi tupu. Mabuti aliyavua kizingitini, kama alivyofundishwa. Alikuwa mrefu, ikambidi ainame mlangoni, na nywele zilikuwa zimelowa ukungu. Hata katika hasira yake Yusra aliona jinsi macho yale ya kijivu yalivyomtafuta yeye kwanza, kisha mtoto, kisha ndipo wengine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Habari za ng'ombe?"

"Nzuri."

"Na za stendi?"

Marteni akatazama chini. Ulikuwa mtazamo mfupi sana, lakini Yusra aliuona. Shangazi Sharifa akamrudishia mama mtoto, akabeba karai la maji, akatoka. Hakwenda mbali. Upindo wa kanga yake ulibaki ukining'inia pembeni mwa mlango.

"Nitakuuliza mara moja," Yusra alisema. "Unijibu kama unavyomjibu Mungu. Una mtoto mwingine?"

"Nini?"

"Wa kike. Huko kwenu. Anayeitwa Geertje."

Nje karai lilianguka. "Astaghfirullah! Kamtaja mkwewe!" sauti ya shangazi ilisikika.

Lilitoka vizuri jina lile, na ghaini yake kamili, kama alivyolifanyia mazoezi. Yusra aliona lilivyomchoma. Miezi yote aliliandaa kama zawadi, na leo alikuwa amelirusha kama jiwe.

"Sina," Marteni alisema polepole. "Yusra, sina mtoto mwingine chini ya jua. Nani kakwambia hivyo?"

"Wewe. Wewe ndiye umeniambia, kwa kunyamaza. Fenna ni nani?"

"Nilishakuambia, ni jina..."

"Ulinidanganya! Jina halielei hewani. Nimekusikia chini ya mfyulisi. Ulikuwa unalia." Mtoto alishtuka, akaanza kunung'unika, Yusra akamtikisa taratibu, akashusha sauti, na sauti iliyoshuka ikawa kali zaidi. "Sikiliza. Huko Nyuzilandi sina shangazi. Sina jirani wa kumgongea mlango. Nitakuwa na wewe tu. Basi siwezi kwenda na mtu ambaye simwoni ndani. Mwenye jina asipojulikana leo, mimi sipandi ndege. Nitabaki hapa na mwanangu. Ng'ombe wako nitawakamua, pesa yao nitakutumia."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema. Mama yako anajua kwamba nimejifungua?"

"Anajua."

"Anajua nilitaka kumpa jina lake?"

Marteni akavuta kigoda, akaketi. Magoti yalimfika kifuani. Siku nyingine Yusra angecheka.

"Anajua," alisema. "Na yeye ndiye aliyekataa."

Yusra alimvuta mtoto kifuani. Katika yote aliyoyaogopa, hili hakuliogopa. Mwanamke mwingine angegombana naye. Lakini bibi aliyemkataa mjukuu, utagombana naye kwa lipi?

"Kamkataa mtoto," alinong'ona.

"Unaona? Unaona sasa?" Marteni aliinuka nusu, mikono mbele. "Hiyo ndiyo sababu sikukwambia! Nilikuwepo kwa Mzee Issa, mjukuu wake alipozaliwa. Bibi alikataa kutoa jina, na mkaza mwana wake akarudi kwao na mtoto mgongoni, hakuna aliyemsindikiza. Nilikuwa natibu ndama, nikaona kwa macho yangu. Nikajua nikikwambia 'mama hataki', utasikia jambo ambalo yeye hakulisema. Nikaona afadhali unichukie mimi. Nikasema ni Kiingereza."

"Kwa hiyo alisema nini?"

Ng'ombe alilia bandani. Marteni alipoanza kusema hakumtazama yeye, alimtazama mtoto.

"Mama amekulia hukohuko tunakokwenda. Sikuwahi kukuambia kwa sababu na yeye hasemi. Wazazi wake walihamia Nyuzilandi kwa meli, akiwa mtoto, walikwenda kukamua ng'ombe za watu. Siku ya kwanza shuleni mwalimu akaita jina lake, akashindwa, akaita tena, akashindwa. Watoto wakacheka. Toka hapo kila akiitwa, darasa zima linakohoa. Linakohoa na kutema mate chini. Miaka, Yusra. Akifika nyumbani anawaambia wazazi viatu vimelowa mvua. Alipokua alipanda meli peke yake, akarudi Uholanzi. Nilipompigia, ukiwa bado na mimba, kumwambia kwamba akizaliwa wa kike kwenu huwa ni jina lake, alifurahi kwanza. Alicheka. Kisha akauliza, mtakaa wapi? Nikamwambia. Akasema, basi usimfanyie hivyo. Usimpeleke mtoto kule na jina langu."

Yusra alimpangusa mtoto shavu. Akawaza lile jina alivyolisema bandani jioni zote zile, kwa upendo, na watoto wa watu wakilitemea mate.

Lakini shaka ni kama ukungu wa Kwai: unadhani umeondoka, kumbe umejificha bondeni.

"Ni hadithi nzuri," alisema. "Inaweza kuwa ya kweli. Fenna bado sijamwona humo."

"Fenna..."

"Ngoja." Alinyoosha kiganja. "Usiniambie wewe. Mpigie. Hapahapa ndani, si kwenye mfyulisi. Na ukishampigia, usifungue mdomo."

Marteni alipiga. Iliita muda mrefu. Kisha kwenye kioo ukatokea uso wa mwanamke mwenye nywele nyeupe, aliyekaa karibu mno na simu hata kidevu hakionekani, na macho yaleyale ya kijivu.

"Shikamoo, Mama," Yusra alisema.

Yule mama aliganda. Midomo ikacheza kidogo, ikitafuta. "Ma-ra-ha-ba," alijibu, akiihesabu kila silabi kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Nje shangazi Sharifa akaguna. Salamu ilikuwa imepokelewa.

Yusra akakusanya Kiingereza chake chote cha jioni. Alikisema polepole, bila mapambo, na yule mama alikisikia, maana ndicho alichokulia.

"Mama, mtoto wako ameniletea jina. Kwetu jina lina mwenyewe. Nimemuuliza mwenyewe ni nani, ananiambia hakuna. Nakuuliza wewe. Fenna ni nani?"

Marteni alifumba macho. Kwenye kioo yule mama aliisogeza simu nyuma, kidevu kikaonekana. Kisha akainua mkono wake, mkono wa mkulima, wenye vifundo vinene, akauweka kifuani.

"Ni mimi," alisema.

Na kipande kwa kipande akaeleza. Kutoka shule hadi nyumbani ilikuwa njia ndefu ya malishoni. Akishapita nyumba ya mwisho, ambapo hakuna wa kukohoa, alikuwa akijiita Fenna. Fenna lilikuwa jina la kwao, la Kiholanzi, hakutaka la kuazima. Lakini yeyote angeweza kulisema. Fenna alikuwa na marafiki. Fenna akiitwa darasani alikuwa akisimama wima. Alipofika getini alikuwa akimwacha pale, akaingia ndani na lile lingine. Hakumwambia mtu yeyote maishani, hata marehemu mumewe, mpaka alipomwambia mwanawe wakati wa mimba hii, na toka hapo kila wakilitaja wote wawili hulia kama watoto.

"Sikumnyima jina langu," alisema. "Nimempa lile nililolitaka mwenyewe. Lakini kama hulipendi, binti yangu, liache. Wewe ndiye mama."

Yusra alijikuta machozi yanamdondokea mtoto kwenye paji la uso. Akayafuta kwa kidole gumba. Halafu, kwa sababu alikuwa mtoto wa milima ile na hakuweza kuliacha jambo nusu, akauliza, "Na mbeleko?"

Marteni akafumbua macho. Hakuuliza kitu. Alitoka mbio vilevile na soksi zake, akakanyaga tope la uani, akarudi na boksi.

"Aliniambia nisikupe mpaka uwe umelikubali jina," alisema akihema. "Alisema, asipolikubali nikampa zawadi, atajiona amelazimishwa. Mimi nilimweleza habari za mbeleko zamani, kabla hatujaoana. Sikujua kama alinisikiliza."

Ilikuwa shali ya sufu, imefumwa kwa mkono, rangi ya samli. Yusra aliivuta, ikaja, akaivuta, ikaendelea kuja. Ilikuwa ndefu kumshinda mtoto, ndefu kumshinda Yusra mwenyewe. Chini yake kulikuwa na kopo la vipunje vya sukari, vyeupe na vya waridi.

"Nimekuja kuchukua karai langu," alisema shangazi Sharifa, ambaye karai lake lilikuwa uani. Akaishika shali, akaigeuza, akaipitisha vidoleni mshono kwa mshono kama mtu anayekagua mahari. Akachota vipunje viwili, akavitia mdomoni. "Hiki nini, dawa ya minyoo?"

"Kwao huliwa mtoto akizaliwa, shangazi," Marteni alisema.

"Kitamu." Akachota tena. Kisha akamgeukia Yusra, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yalilegea. "Mimi nilisema mawili, na yote mawili Mungu ameyakataa. Mtu haumizi vidole vyake namna hii kwa ajili ya mtoto aliyemkataa. Geuka."

Yusra akageuka, akainama. Shangazi akampandisha mtoto mgongoni, akamzungushia ile sufu, akaikaza, akaifunga kifuani fundo la Kisambaa. Mtoto akapiga chafya, akatulia. Kwenye simu yule mama alikuwa ameweka viganja vyote viwili mdomoni.

Marteni alikuja karibu. Akainamisha kichwa mpaka paji lake la uso likagusa la mkewe.

"Utapanda ndege?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siku nyingine ukinificha jambo kwa kunihurumia," Yusra alisema, "nitampandisha shangazi hiyo ndege, wewe ubaki na Supu."

"Sitaficha."

"Basi nitapanda."

Akacheka Marteni, kicheko chenye kilio ndani yake. Akapeleka mdomo kwenye sikio la binti yake, palepale mgongoni mwa mama yake. "Fenna," alimwambia. "Umesikia? Fenna." Kisha akamtazama mkewe. "Na wewe mwite. Hujamwita hata mara moja."

Yusra akatikisa kichwa. Alipoifungua midomo, alimfungia Geertje mlango wa shule ya mbali, na kumfungulia Fenna, aliyeachwa getini, aingie nyumbani.

"Mimi? Mimi nitamtajaje mama mkwe wangu?" alisema, akimpigapiga mtoto taratibu makalioni. "Haya, Mama. Mama yangu, twende ukaone ng'ombe."